Ripoti iliyoganda mwisho wa Juni: kisa cha Power BI na matoleo yake ya kila mwezi

Kampuni yenyewe ni msambazaji wa bidhaa za madukani: mafuta ya kula, sabuni, unga wa ngano, tambi. Ghala kuu liko Dar es Salaam, na matawi yako Mwanza, Mbeya na Arusha. Jina lake halina umuhimu hapa, na wahusika nitawaita kwa kazi zao. Mfumo wa mauzo unakaa kwenye hifadhidata ya SQL Server, ndani ya seva iliyoko ofisini. Juu ya mfumo huo kuna ripoti za Power BI, programu ya Microsoft ya kugeuza data kuwa ripoti, ambazo mkurugenzi, mameneja wa matawi na watu wa ghala huzitazama asubuhi kabla ya kupanga magari.

Jumatatu ya tarehe 1 Julai 2024, ripoti ya stoku ilionyesha sabuni ya kutosha kujaza gari la Mwanza. Meneja wa Mwanza akawaahidi wateja wake. Mtunza ghala alipoingia ghalani na orodha mkononi akakuta paleti tupu. Akampigia simu mhasibu: "Dada, hizi hesabu mnazitoa wapi? Huku sabuni imekwisha tangu juzi."

Mhasibu akafungua ripoti, akaona namba zile zile za orodha ya mtunza ghala. Akafungua mfumo wa mauzo wenyewe, akaona namba nyingine. Akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: akapakua faili la ripoti kutoka kwenye huduma ya mtandaoni ili alichungulie kwenye kompyuta yake. Power BI Desktop yake, programu ya kutengenezea ripoti, ikamjibu kwamba faili limetengenezwa kwa toleo jipya zaidi kuliko lake, na haikulifungua. Hapo akakumbuka kwamba ana nakala yake ya mwezi Machi. Akaifungua, akavuta data upya, namba zikakubaliana na mfumo wa mauzo kwa sehemu kubwa, akaichapisha kwenye eneo lile lile la kazi kwa jina la "Ripoti ya Stoku MPYA". Saa sita mchana kampuni ilikuwa na ripoti mbili za stoku, zote zina nembo ya kampuni na rangi zile zile, na zinatofautiana.

Niliitwa siku chache baadaye kueleza kilichotokea. Nilipofika, ofisi ilikuwa imekwisha kugawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema kosa ni la mchambuzi wa data, aliyekuwa likizo. Upande wa pili ulisema kosa ni la "hizi apdeti za kila mwezi".

Alhamisi hadi Jumatatu

Historia ya kuvuta data iko wazi kwenye huduma ya mtandaoni kwa mwenye ruhusa ya kuiona, na ndiyo niliyoanza nayo. Ni jedwali lisilovutia macho: aina, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, hali. Ripoti ya stoku ilipangiwa kuvuta data mara mbili kwa siku, saa 11 alfajiri na saa 7 mchana. Leseni ya Pro, ile ya kulipia kwa kila mtumiaji, inaruhusu hadi mara nane kwa siku, kwa hiyo mara mbili ni ratiba ya kiasi tu. Jedwali lilionyesha mafanikio mfululizo hadi Alhamisi ya tarehe 27 Juni. Ijumaa alfajiri, imeshindikana. Ijumaa mchana, imeshindikana. Jumamosi alfajiri, imeshindikana. Jumamosi mchana, imeshindikana. Baada ya hapo hakuna mstari mwingine wowote, si wa kufaulu wala wa kushindwa.

Ukimya huo una sababu yake. Power BI inapojaribu kuvuta data kwa ratiba ikashindwa mara nne mfululizo, huizima ratiba yenyewe. Haijaribu mara ya tano mpaka mtu aingie kwenye mipangilio na kuiwasha tena. Taarifa ya kushindwa hutumwa kwa barua pepe kwa mmiliki wa modeli, yaani seti ya data iliyo nyuma ya ripoti. Mmiliki alikuwa mchambuzi, na mchambuzi alikuwa Tanga kwenye msiba. Hakuna mtu wa kumlaumu kwa kutosoma barua pepe za ofisi akiwa matangani.

Sasa turudi Alhamisi jioni. Kabla ya kusafiri, mchambuzi alitaka kumalizia kazi aliyoahidi: kuingiza oda za mtandaoni kwenye ripoti ya stoku ili bidhaa zilizokwisha kuagizwa zisihesabiwe kama zipo huru. Alifungua Power BI Desktop, akaunganisha hifadhidata ya oda kwa kiunganishi (kipande cha programu kinachosoma chanzo cha data) kilichoboreshwa katika toleo jipya, akaichanganya na data ya mauzo, akavuta data, kila kitu kikakubali. Akachapisha, akafunga kompyuta, akaenda kupanda basi.

Faili lilipopanda kwenye huduma ya mtandaoni lilibeba data yake ya Alhamisi jioni. Ndiyo maana ripoti haikuwa tupu wala haikuonyesha kosa lolote. Ilikuwa na namba nzuri, zenye mantiki, za Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wamepokea mishahara, maduka ya rejareja yanajaza rafu, na ghala linatoa mzigo kuliko siku nyingine. Mauzo ya siku hizo mbili hayakuonekana popote kwenye ripoti. Ripoti ikionyesha sifuri kila mahali, mtu atapiga kelele. Ikionyesha namba inayofanana na ya kweli, gari linapakiwa.

Vitu vitatu, kalenda tatu

Kiini cha kisa ni jinsi Power BI inavyojisasisha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hata watu wanaoitumia kila siku huliona jambo hili kama kitu kimoja.

Power BI ilifunguliwa rasmi kwa wote Julai 2015. Tangu wakati huo Microsoft imekuwa ikitoa toleo jipya la Power BI Desktop karibu kila mwezi, pamoja na orodha ndefu ya vipengele vipya. Desktop ni programu ya Windows ambayo mtengenezaji wa ripoti huiweka kwenye kompyuta yake. Sehemu ya pili ni huduma ya mtandaoni, ambako ripoti huchapishwa na kutazamwa kupitia kivinjari au simu. Sehemu ya tatu haionekani na watazamaji kabisa. Ni programu ya kati inayokaa kwenye kompyuta ya ofisini na kuiruhusu huduma ya mtandaoni ifikie data iliyo ndani ya mtandao wa ofisi. Pale ofisini wanaiita geti, nami nitaiita hivyo hivyo.

Huduma ya mtandaoni hujisasisha yenyewe. Microsoft hubadilisha kitu usiku, asubuhi umekikuta, hakuna aliyekuuliza. Novemba 2023, kwa mfano, kile kilichoitwa seti ya data kilibadilishwa jina kuwa modeli ya semantiki kila mahali kwenye skrini. Mwongozo wa kurasa kadhaa ambao kampuni hii ilikuwa imeuchapisha kwa ajili ya matawi ulizeeka siku hiyo hiyo.

Desktop ina njia mbili za kuingia kwenye kompyuta. Ukiichukua kutoka Microsoft Store, inajisasisha yenyewe na haihitaji haki za msimamizi wa kompyuta. Ukipakua faili la usakinishaji kutoka kwenye tovuti ya Microsoft, unahitaji msimamizi, na toleo ulilosakinisha ndilo utakalobaki nalo mpaka mtu aje kulibadilisha kwa mkono. Mchambuzi alikuwa na ile ya kwanza, mhasibu alikuwa na ile ya pili. Siku ya kisa, Desktop ya mchambuzi ilikuwa ya mwezi ule ule wa Juni, na ya mhasibu ilikuwa ya mwaka uliotangulia. Unajua umri wa toleo lako kwa kwenda kwenye menyu ya msaada na kufungua sehemu inayoeleza programu yenyewe. Mwezi na mwaka vimeandikwa pale. Mhasibu hakuwahi kuufungua ukurasa huo, na sioni kwa nini angeufungua.

Geti ndilo lililosahaulika kuliko vyote. Nalo hutolewa toleo jipya kila mwezi, na sababu yake ni ya msingi. Ndani ya Desktop na ndani ya geti kuna injini moja ya Power Query, ile inayosoma hatua zako za kuvuta na kusafisha data. Ripoti ikitengenezwa kwa injini ya mwezi huu, halafu ikapelekwa kuendeshwa kwenye geti lenye injini ya mwaka jana, chochote kipya ulichotumia geti halikijui. Microsoft inahudumia matoleo sita tu ya mwisho ya geti. Geti la kampuni hii lilisakinishwa 2023 na halikuguswa tena. Lilikuwa limekwisha toka nje ya dirisha hilo, na hakuna aliyejua, kwa sababu lilikuwa linafanya kazi.

Lilifanya kazi kwa kuwa ripoti zote zilizopita zilikuwa nyepesi: jedwali la mauzo, jedwali la bidhaa, folda ya mafaili ya Excel kutoka matawini. Injini ya zamani ilizimudu. Ripoti ya Alhamisi ndiyo ya kwanza kuliomba jambo lisilolijua.

Uthibitisho ulikuwa rahisi. Nilikaa kwenye kompyuta ya mchambuzi, nikafungua faili lake, nikavuta data: ikakubali, maana Desktop inatumia injini yake yenyewe. Nikabonyeza kuvuta data kutoka huduma ya mtandaoni: ikakataa. Data ni ile ile, nywila ni zile zile, seva ni ile ile. Kilichobaki kati yao ni geti. Tulipolisasisha, ikakubali kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo tulikuwa na vitu vitatu vinavyokwenda kwa kalenda tatu. Kimoja hujisasisha bila ruhusa, kingine hujisasisha kwa mtu mmoja na si kwa jirani yake, cha tatu hakijisasishi mpaka ukumbuke. Hakuna hata kimoja kilichoharibika. Tatizo lilizaliwa pale vilipopishana.

Mstari wa kijivu

Kuna jambo lilinisumbua kuliko geti. Huduma ya mtandaoni huonyesha tarehe ambayo data ilisasishwa mara ya mwisho, kwa mstari wa kijivu juu ya ukurasa, pembeni ya jina la ripoti. Siku nne mfululizo tarehe hiyo haikusogea. Ilikuwaje mkurugenzi, mameneja watatu na watu wa ghala wasiione?

Jibu ni kwamba wengi wao hawakuwa wakifungua ripoti. Kila asubuhi msaidizi wa ofisi huifungua, huitoa kama PDF, na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Meneja wa Mwanza yuko kwenye gari, mtunza ghala ana simu yenye skrini iliyopasuka, PDF inafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Ni utaratibu mzuri, na sikushauri wauache. Lakini ule mstari wa kijivu ni sehemu ya ukurasa wa huduma, si sehemu ya ripoti, kwa hiyo hauingii kwenye PDF. Jina la faili lilikuwa na tarehe ya Jumatatu, kwa sababu msaidizi aliliandika Jumatatu. Ndani yake kulikuwa na Alhamisi.

Tiba yake haihitaji toleo jipya la kitu chochote. Kwenye kila ukurasa wa ripoti tuliweka mistari miwili. Wa kwanza unaonyesha saa ya mwisho ya kuvuta data. Hapa kuna mtego mdogo kwa watu wa ukanda wetu: huduma ya mtandaoni inakwenda kwa saa ya dunia, UTC, hivyo ukitumia fomula ya saa ya kawaida unaweza kupata saa iliyo nyuma kwa masaa matatu, na watu wataacha kuiamini. Andika DateTimeZone.SwitchZone(DateTimeZone.UtcNow(), 3) na utapata saa ya Afrika Mashariki popote fomula itakapoendeshwa.

Mstari wa pili ndio wenye thamani zaidi, na ndio watu wengi wanaousahau. Unaonyesha tarehe na saa ya ankara ya mwisho kabisa iliyomo kwenye data. Kuvuta data kunaweza kufaulu huku hakuna kipya kilichovutwa, kwa mfano tawi limeshindwa kupeleka faili lake. Tuliuandika kwa herufi kubwa, tukaupa rangi nyekundu pale ankara ya mwisho inapokuwa na zaidi ya siku moja ya kazi. Msaidizi wa ofisi alielekezwa jambo moja tu: ukiona nyekundu, usitume, nipigie.

"Kwa nini tusizizime kabisa?"

Mkurugenzi alikuwa na swali lake, na ni swali la haki. Mfumo wa mauzo haukuguswa miaka mitano na unafanya kazi. Kwa nini ripoti ziwe na wageni kila mwezi? Kwa nini tusizizime hizi apdeti tukapumua?

Huduma ya mtandaoni haina swichi ya namna hiyo. Msimamizi anaweza kufunga baadhi ya vipengele kwenye mipangilio ya shirika, lakini hawezi kuiambia Microsoft ibaki na skrini ya mwezi uliopita. Ukiigandisha Desktop na geti huku huduma inasonga, umetengeneza upya tatizo lile lile, kwa makusudi safari hii. Tena Microsoft haihudumii Desktop isipokuwa toleo la karibuni. Ukipata hitilafu na toleo lako ni la mwaka jana, jibu la kwanza litakuwa sasisha kwanza.

Ipo njia ya kweli ya mwendo wa polepole, na nilimweleza: Power BI Report Server, ambayo unaiweka kwenye seva yako mwenyewe na hutolewa mara tatu kwa mwaka, Januari, Mei na Septemba. Ina Desktop yake maalumu inayolingana nayo. Lakini leseni zake wakati ule zilikuwa za mashirika makubwa, vipengele vingi vya mtandaoni haina, na unakuwa na seva nyingine ya kutunza. Kwa kampuni yenye mchambuzi mmoja na fundi wa kompyuta anayekuja mara mbili kwa wiki, hiyo ni kununua lori kubebea mkoba.

Nilimwambia pia jambo lililomkera kidogo. Kampuni ilikuwa ikilipa dola 9.99 kwa kila mtumiaji wa Pro kwa mwezi, bei ambayo tangu Aprili 2025 ni dola 14. Ndani ya malipo hayo kuna mabadiliko ya kila mwezi, uyatake usiyatake. Lakini hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake, iliyoandikwa mahali, ni kuisoma orodha ya mwezi na kusema ipi inatuhusu. Mchambuzi aliisoma kwa mapenzi yake, jioni, kama wengine wanavyosoma habari za usajili wa wachezaji. Alipofurahia kitu, alikiwasha.

Hapo ndipo vinapoingia vipengele vya majaribio. Katika mipangilio ya Desktop kuna ukurasa wenye visanduku vya kuweka alama, kila kimoja kipengele ambacho bado hakijakamilika. Unaweka alama, unafunga programu, unaifungua tena, umekipata. Ukurasa wa kwanza wa ripoti ya mkurugenzi ulikuwa umejengwa juu ya kadi mpya ya namba, iliyoingia kwenye majaribio Juni 2023 na kukaa humo zaidi ya mwaka. Ni kadi nzuri, inakupa namba kadhaa kwenye kisanduku kimoja badala ya kupanga vipande sita kwa mkono. Lakini kitu kikiwa kwenye majaribio, mpangilio wake unaweza kubadilika toleo kwa toleo. Hiyo ndiyo maana ya majaribio, na Microsoft hailifichi. Mchambuzi alikuwa akirekebisha ukubwa wa kadi hizo mara kwa mara na kudhani ni kawaida.

Sina ugomvi na majaribio. Bila watu wa kujaribu, vitu hivi visingekomaa. Ila mahali pake ni eneo la kazi la mchambuzi mwenyewe, si ripoti ambayo gari linapakiwa kwa kuitazama.

Kalenda moja

Tulichofanya kilihusu zaidi nani anafanya nini siku gani kuliko teknolojia.

Kwanza, kompyuta zote za kutengenezea ripoti zilirudishwa kwenye njia moja ya usakinishaji. Nilichagua faili la kupakua badala ya Microsoft Store, ingawa mara nyingi ningeshauri kinyume chake. Store inakuondolea kazi, lakini inasasisha siku inayotaka yenyewe, na kampuni hii inafunga hesabu siku za mwanzo wa mwezi. Faili la usakinishaji lina ukubwa wa zaidi ya nusu gigabaiti. Fundi hulipakua mara moja, huliweka kwenye folda ya pamoja, na wote husakinisha kutoka hapo bila kumaliza bando la ofisi. Nakala ya Store iliondolewa kwenye kompyuta ya mchambuzi, maana kuziweka zote mbili kwenye mashine moja hakuhudumiwi.

Siku ya kusasisha ni Jumatano ya pili baada ya hesabu kufungwa. Toleo jipya kwa kawaida hutoka katikati ya mwezi, na mara nyingi hufuatiwa na marekebisho madogo ya hitilafu zilizogunduliwa. Kwa kusubiri hadi hesabu za mwezi unaofuata zifungwe, kampuni inapata toleo ambalo wengine wamekwisha kujikwaa nalo. Inakuwa nyuma kwa wiki chache, na wiki chache si mwaka.

Utaratibu wa siku hiyo una mpangilio ambao haubadiliki: geti kwanza, Desktop baadaye. Geti jipya huendesha ripoti za zamani bila shida; Desktop mpya juu ya geti la zamani ndiyo iliyotuletea Jumatatu ile. Baada ya geti kusasishwa, fundi anabonyeza kuvuta data kwa ripoti tatu muhimu na kungoja zikubali, ndipo wengine waanze kusakinisha.

Geti lenyewe lilitutesa kuliko nilivyotarajia. Lilikuwa limesakinishwa kwenye kompyuta ya kawaida iliyo chini ya meza ya mhasibu, ambayo mtu wa usafi aliizima mara mbili kwa nia njema kabisa. Tulitaka kulihamishia kwenye seva. Kulihamisha geti kwenda mashine nyingine kunahitaji ufunguo wa urejeshaji, ambao huwekwa na anayesakinisha siku ya kwanza. Aliyesakinisha alikuwa fundi wa zamani, aliyekwisha acha kazi, na ufunguo haukuandikwa popote. Kusasisha hakuhitaji ufunguo huo, kuhamisha kunahitaji. Ikabidi tusakinishe geti jipya kwenye seva, tuunde upya kila muunganiko, tuingize upya kila nywila, na kuifunga kila ripoti kwenye geti jipya moja baada ya nyingine. Ufunguo mpya umeandikwa kwenye karatasi iliyomo kwenye kasiki ya kampuni, pamoja na hati za magari.

Arifa za kushindwa sasa zinakwenda kwa watu watatu. Kwenye mipangilio ya ratiba kuna nafasi ya kuongeza anwani nyingine zaidi ya mmiliki. Tukamweka mhasibu na anwani ya pamoja ya ofisi. Hili ni jambo la dakika moja, na kama lingefanywa kabla, mhasibu angejua Ijumaa alfajiri.

"Ripoti ya Stoku MPYA" ilifutwa, baada ya mhasibu kukubali. Sikutaka ifutwe bila yeye kujua, kwa sababu siku ile ndiyo iliyokuwa karibu na ukweli kuliko nyingine. Kasoro yake ilikuwa kukosa oda za mtandaoni, kwa kuwa nakala ya Machi haikuzijua. Ilionyesha mafuta ya kula mengi kuliko yaliyokuwa huru kuuzwa, na tawi la Arusha liliuza baadhi yake mara mbili.

Kuisoma orodha

Mchambuzi aliporudi tulikaa naye na orodha za miezi mitatu iliyopita. Hakuhitaji kufundishwa Power BI, anaijua kuliko mimi. Tulibadilisha tu mahali pa kuanzia kusoma.

Orodha ya mwezi huanza na vitu vya kuvutia. Siku hizi ni Copilot na akili bandia, halafu chati mpya na urembo wa ripoti. Chini zaidi kuna sehemu ya viunganishi vya data, halafu huduma, simu, wasanidi. Mtu mwenye ripoti zinazotegemewa na ghala anapaswa kuisoma kuanzia chini. Kiunganishi kilichobadilishwa kinaweza kusimamisha ripoti kesho. Chati mpya haitamdhuru mtu akiipuuza miaka miwili. Na kuliko vyote viwili, tafuta kile kinachoondolewa. Tangazo la kuondoa kitu huwa fupi, halina picha, na muda wake unaonekana mrefu mpaka uishe. Kipengele cha Q&A, kile cha kuiuliza ripoti swali kwa maneno ya kawaida, kimetangazwa kuondolewa Desemba 2026. Ramani za zamani zinazotegemea Bing zinapisha Azure Maps, ramani mpya za Microsoft.

Sasa mchambuzi huandika ukurasa mmoja kila mwezi, kwa Kiswahili, unaokwenda kwa mhasibu, fundi na mkurugenzi. Una mambo ya namna mbili tu: yanayotulazimu kufanya kitu, na yanayobadilisha kile watu watakachokiona kwenye skrini. Miezi mingine ukurasa una mistari miwili. Vitu anavyovipenda mwenyewe anaruhusiwa kuviweka mwisho, na mkurugenzi huviruka.

Mawili hayajakamilika. Geti bado ni moja, kwenye seva moja. Ombi la mashine ya pili ili moja ikizimwa nyingine ishike kazi liko mezani kwa mkurugenzi, nalo linasubiri bajeti. Na ripoti ya njia za magari bado inatumia ramani ya Bing. Kazi ya kuihamishia Azure Maps amepewa mhasibu, ambaye sasa ana Desktop ya mwezi uliopita na ameomba apewe leseni ya pili kwa ajili ya msaidizi wake.